Saba Saba ya Jirani

Kabati lilikuwa la mninga, milango miwili juu, droo tatu chini, bawaba za shaba. Baba alianza kulitengeneza mwishoni mwa Mei 1978, na usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai alikuwa bado analipiga msasa. Nilikuwa na miaka 10. Kazi yangu ilikuwa kushika taa ya chemli na kupitisha kiganja juu ya mbao pale aliponionyesha, kwa sababu, alisema, mkono wa mtoto unasikia mkwaruzo ambao mkono wa fundi umeshauzoea. Nikiusikia nilisema "hapa," naye akarudi hapo na kipande cha msasa laini, taratibu, mpaka niseme "basi." Keko nzima ilikuwa macho usiku ule. Kila fundi alikuwa na chake cha kupeleka uwanjani, na harufu ya vanishi ilitufuata mpaka kwenye mashuka.

Asubuhi kabati likapandishwa kwenye mkokoteni, likafunikwa kwa khanga mbili za mama ili vumbi lisiliharibu, tukalisindikiza kwa miguu kuifuata Barabara ya Kilwa hadi kwenye viwanja vya maonyesho. Nilitembea ubavuni mwake njia nzima, mkono juu ya khanga, kama somo anayemwongoza bibi harusi. Siku ya pili, tarehe 7 yenyewe, watu walipita mbele yake kutwa. Walifungua droo, wakazifunga, wakazifungua tena kusikia zinavyoteleza. Baba alisimama pembeni na shati lake jeupe la kola ngumu, hasemi kitu.

Kwangu Saba Saba ilikuwa hiyo. Ilikuwa mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, askrimu inayochuruzika mpaka kwenye kiwiko, matrekta unayoruhusiwa kuyapanda, ng'ombe wa maziwa waliooshwa wakang'aa. Ilikuwa sikukuu ya taifa, Siku ya Wakulima, na shuleni tulikuwa tumeandika kwenye madaftari kwamba tarehe 7 Julai 1954 ilizaliwa TANU. Wakati huo TANU yenyewe ilikuwa imekwisha kuungana na Afro-Shirazi kuwa CCM, tangu tarehe 5 Februari 1977, lakini siku yake ilibaki. Baadaye, katika miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, wakulima walihamishiwa tarehe 8 Agosti, ikawa Nane Nane, na Saba Saba ikabaki siku ya biashara. Sisi wa Keko hatukuona tofauti kubwa. Uwanja ulikuwa uleule na mihogo ileile.

Bibi yangu, mama yake baba, ndiye wa kwanza kunionyesha kwamba tarehe ina upande wa pili. Alikuwa akikaa Kariakoo tangu kabla ya vita vya Hitler, na jioni ile ya 1978 tulipopitia kwake nikamsomea kwa majivuno yale ya kwenye daftari. Nikamuuliza, bibi, siku ile ulikuwa wapi? Nilitaka aseme alikuwapo, alisikia vigelegele, aliona bendera.

"Nilikuwa nauza vitumbua," akasema. "Jumatano moja kama Jumatano nyingine. Hata sikujua kuna jambo."

Nilivunjika moyo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ameniambia kitu ambacho daftari langu halikuwa nacho. Watu wanaohesabiwa kuwa waasisi wa TANU ni 17. Walikutana katika ofisi ya African Association, chama kilichoanzishwa mwaka 1929, kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa New Street ambao leo ni Lumumba. Walikuwemo Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, John Rupia, na mwalimu wa Pugu mwenye umri wa miaka 32, Julius Nyerere, waliyemchagua kuwa rais wa chama. Nje ya chumba kile mji uliendelea na shughuli zake, na vitumbua vya bibi viliisha kabla ya adhuhuri. Ngoma na vigelegele vilikuja baadaye, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vyao vya ngoma. Bibi yangu naye aliingia kwa njia hiyo, na kadi yake aliitunza ndani ya kopo la biskuti pamoja na pete ya ndoa. Siku yenyewe ya 7 Julai 1954 ilipata ukubwa wake kwa yaliyofuata.

Mwaka 1995 nilimfuata mume wangu Nairobi. Ni Mkenya, tulikutana tukiwa wanafunzi Dar es Salaam. Nikapata kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na Julai ya kwanza iliponikuta huko nilikuwa natafuta sanduku la bati la kuwekea nguo, kwa sababu nyumba tuliyopanga ilikuwa na panya. Jirani akanielekeza kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji.

Mtu aliyelelewa Keko akiingia Kamukunji anajua amefika kwa ndugu. Badala ya randa na msumeno, huko ni nyundo juu ya bati, mamia ya nyundo kwa pamoja, mpaka ukitoka unaendelea kuzisikia kichwani. Wanakunja mabati kuwa masanduku, majiko, karai, ndoo za kumwagilia. Nilimwona mzee mmoja amekaa juu ya kigogo, anakunja ukingo wa kifuniko kwa nyundo ndogo, anageuza, anagonga, anageuza, na ukingo unalala chini ya nyundo kama pindo la nguo. Nikasimama kwake.

"Shikamoo, baba."

Akaiweka nyundo juu ya goti. "Marahaba. Wewe si wa hapa."

"Natoka Dar es Salaam."

Akafurahi. Tukapatana bei, akachukua vipimo kwa kamba, akaniambia nirudi Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe 5 Julai 1996. Nikamwambia, haya baba, Jumatatu, na nikuage kabisa: heri ya Saba Saba.

"Heri gani, mama?"

Nilidhani hakusikia kwa ajili ya makelele. Nikarudia. Akanitazama muda mrefu, kisha akavuta debe tupu na mguu, akaniashiria nikae.

"Hapa Kamukunji unanitakia heri ya Saba Saba," akasema, bila hasira. Akaelekeza kidole upande wa uwanja. "Ilikuwa hapo. Walikuwa wamewashika Matiba na Rubia siku tatu mbele. Serikali ikasema hakuna mkutano. Lakini watu wakakuja. Hakuna kiongozi, hakuna kipaza sauti, watu tu, wanapeana vidole viwili hivi." Akainua vidole viwili. "Halafu vitoa machozi. Halafu risasi. Kijana wangu wa kazi, huyo alikuwa anakaa pale ulipokaa, akaniambia mzee nakwenda kuangalia kidogo. Nyundo yake ndiyo hii natumia."

Sikuwa na neno. Nikasema pole. Akasema asante, akaichukua ile nyundo, na kabla hajaanza kugonga akaongeza, "Hata leo yenyewe, tarehe tano, ndiyo walimuua Tom pale mjini. Alikuwa mbunge wetu." Tom Mboya alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, na mbele ya fundi yule ilikuwa kama jana.

Usiku nilimwuliza mume wangu kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema alidhani najua, kwani nani asiyejua Saba Saba? Mimi nami ningejibu vivyo hivyo kuhusu yangu. Tukakaa mpaka saa sita ya usiku ananisimulia.

Tangu Juni 1982 katiba ya Kenya ilikuwa imekiruhusu chama kimoja tu, KANU, kwa kifungu cha 2A. Tarehe 1 Januari 1990 mchungaji Timothy Njoya alitoa mahubiri akitazama yaliyokuwa yanatokea Ulaya Mashariki, ambako ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka wiki chache nyuma, na kuuliza kama Afrika nayo haiwezi kuachana na chama kimoja. Mwezi Februari waziri Robert Ouko akauawa. Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote wawili waliowahi kuwa mawaziri, wakajitokeza hadharani kudai vyama vingi, kisha wakaitisha mkutano Kamukunji tarehe 7 Julai. Wakatiwa kizuizini tarehe 4. Jumamosi ile watu walikuja hata hivyo, na vurumai ikaendelea kwa siku kadhaa, ikafika Nakuru, Thika, Nyeri. Waliouawa hawakupungua 20, na waliokamatwa walizidi 1,000. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakupona sawasawa hadi alipofariki Aprili 2018. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Nilichokifikiria usiku ule, na ninachokifikiria mpaka leo, ni tofauti ya vyumba. Dar es Salaam viongozi walikuwa ndani na mji haukujua. Nairobi viongozi walikuwa gerezani na mji wote ulikuwa nje. Wote walikuwa wanadai kitu kinachofanana, haki ya watu kujisemea. Na wote wakaja kuitaja siku yao kwa maneno mawili ya Kiswahili, yaleyale. Mkikuyu wa Murang'a na Mjaluo wa Kaloleni hawakusema tarehe saba mwezi wa saba kwa Kiingereza. Walisema Saba Saba.

Jumatatu nilikwenda kulichukua sanduku. Mzee alikuwa amelipaka rangi ya buluu na kulitia komeo la kufuli. Tukasalimiana kama watu waliokwisha kufahamiana. Sikuitaja tena ile siku, naye hakuitaja, ila aliniongezea mishikio miwili ya pembeni ambayo sikuilipia.

Mwaka uliofuata niliiona kwa macho yangu. Tarehe 7 Julai 1997 ilikuwa Jumatatu, na safari hii tarehe ilichaguliwa kwa makusudi: waliotaka mabadiliko ya katiba kabla ya uchaguzi waliitisha mikutano siku ya kumbukumbu ya Kamukunji. Tukafunga shule mapema. Nilipofika katikati ya mji hapakuwa na matatu, ila vumbi, viatu vya watu vilivyoachwa barabarani, na ile harufu ya mabomu ya machozi ambayo huingia kooni kabla haijafika machoni. Mwanamke mmoja muuza maji aliniloweshea kitambaa akanisukuma kwenye mlango wa duka. Jioni ndipo tulipojua kwamba polisi waliwafuata watu mpaka ndani ya kanisa kuu la Watakatifu Wote, wakawapiga waliokuwa humo wakisali, na kwamba aliyetwangwa mbele ya kamera ni Njoya, yule wa mahubiri ya 1990. Watu kadhaa walikufa siku hiyo mjini na kwingineko. Miezi michache baadaye serikali ilikubali kukaa na wapinzani na kulegeza baadhi ya sheria. Binti yetu alikuwa na miaka minne. Nilipofika nyumbani nilikuta amelala ndani ya lile sanduku la buluu, juu ya nguo, kwa sababu yaya alisikia milio akaona hapo ndipo salama.

Kuna watu wanaoipenda sana namba saba. Watasema ni namba nzito, wataleta mbingu saba, siku saba za fungate, wataongeza na siku saba za juma. Mimi siendi huko. Mwaka una siku 365 na dunia ina watu wengi, hivyo kila tarehe utakayoigusa utaikuta imekwisha kukaliwa na zaidi ya mmoja. Ajabu ninayoiona katika 7 Julai ni ndogo, nayo ni ya uandishi tu. Tarehe nyingi zinapinduka ukivuka mpaka: sisi tunaanza na siku, Wamarekani wanaanza na mwezi, na ndiyo maana tarehe 11 Septemba wao huiita kwa kuanza na tisa. Saba ya mwezi wa saba haipinduki. Iandike kwa desturi yoyote, inasomeka vilevile. Kwa hiyo watu wasiojuana, kila mmoja akiwa na lake, wamejikuta wakitumia jina moja.

Hili lilinifikia tarehe 7 Julai 2005. Tulikuwa tumerudi Dar es Salaam, na Alhamisi hiyo niliwapeleka wazazi wangu uwanjani, kama kila mwaka. Baba hakuwa tena akionyesha kitu, ila alipenda kwenda kukagua mbao za wengine, kupitisha kidole kwenye maungio na kuguna. Karibu saa saba tukapita mbele ya banda la kuuza televisheni. Zilikuwa zimepangwa kama matofali, safu juu ya safu, na zote zilikuwa zikionyesha kitu kimoja: basi jekundu la ghorofa mbili ambalo ghorofa yake ya juu ilikuwa imepeperushwa. Watu walikuwa wamesimama mbele ya ukuta ule wa mabasi bila kusema. Mama akasoma maandishi ya chini polepole. London.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa London, anasoma mchana na kufanya usafi maofisini usiku. Alikuwa akikaa Hackney, na basi lililolipuliwa pale Tavistock Square, namba 30, ndilo alilokuwa akipanda.

Mabomu matatu yalilipuka kwenye treni za chini ya ardhi saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi kwa saa za kule, sisi ikiwa saa tano kasoro dakika kumi. La nne, la kwenye basi, lilifuata baada ya kama saa moja. Waliouawa walikuwa 52, mbali na wale wanne waliojilipua. Siku moja tu kabla, mji ule ulikuwa ukishangilia kupewa Olimpiki ya 2012. Hayo yote tuliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nabonyeza namba na simu haiendi. Nilibonyeza nikiwa nimesimama, nikabonyeza nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa bustani ya banda la mbolea, mama kando yangu na mfuko wa machungwa mapajani. Pembeni yetu kipaza sauti kilikuwa kikiwakaribisha wananchi kuonja asali. Baba alitembea kwenda na kurudi. Kila mara alipopita alinitazama, nami nikatikisa kichwa.

Saa tisa alasiri simu ikalia. "Dada," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini, "mbona mmenipigia hivi? Nilitoka kazini alfajiri nikazima simu nilale."

Nikampa mama. Mama hakuweza kusema, akampa baba. Baba akasema, "Kula kwanza, kisha utupigie," akakata, akaenda kusimama nyuma ya banda.

Waingereza huiita siku hiyo saba saba, kwa lugha yao. Nilimsikia mdogo wangu akiitaja hivyo miaka iliyofuata, katikati ya Kiswahili chake, bila kujua kwamba alikuwa anatamka jina la sikukuu aliyokulia. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo. "Kweli," akasema. "Sikuwahi kuziweka pamoja."

Ya nne tuliletewa na mgeni. Tarehe 7 Julai 2014 baba alitaka kuona mashine za useremala kwenye banda la Wachina. Alikuwa ameishiwa nguvu za miguu, tukaenda polepole. Alisimama mbele ya mashine ya randa iliyokuwa ikilamba ubao mzima kwa pumzi moja, akaokota nyuzi za takataka zake, akazinusa. Kijana wa Kichina aliyekuwa mkalimani akamjia. "Shikamoo, mzee," akasema, kwa Kiswahili safi cha darasani, alichojifunza Beijing.

Wakaongea mbao, gundi, umeme. Baba alifurahi sana, na katika furaha yake akamwuliza, kwa adabu ya mwenyeji, "Na kwenu, mwanangu, mna Saba Saba?"

Kijana akasita. "Tunayo, mzee. Kwetu tunasema *qi qi*. Maana yake saba saba. Lakini si ya maonyesho. Ni siku ya vita. Leo inatimia miaka 77."

Akatusimulia palepale, mashine ikiunguruma nyuma yake. Kusini magharibi ya Beijing kuna daraja la zamani la mawe, la Lugou, lenye mamia ya simba waliochongwa kwenye kingo zake, kila mmoja na sura yake. Usiku wa 7 Julai 1937 wanajeshi wa Japani waliokuwa mazoezini karibu nalo walisema askari wao mmoja amepotea, wakataka waingie mji mdogo wa Wanping kumtafuta. Wachina wakakataa. Risasi zikalia, na vita vilivyoanzia hapo havikuisha hadi 1945. Askari aliyepotea, kijana akasema, alirudi mwenyewe usiku uleule.

"Alirudi?" baba akauliza.

"Alirudi, mzee. Lakini vita vilikuwa vimeshaanza."

Baba akazitazama zile nyuzi za mbao mkononi mwake. Kisha akamshika kijana bega. "Pole sana, mwanangu," akasema. Kijana akainama, akaitikia, "Asante, mzee," kana kwamba aliyekufa alikuwa wa juzi. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na nimeeleza neno pole mbele ya madarasa mengi. Nikiulizwa sasa matumizi yake, kile kitendo cha baba ndicho ninachokitaja. Hakuomba radhi kwa kuuliza, wala hakubadili mazungumzo. Aliipokea siku ya yule kijana kama anavyopokelewa mgeni, kisha wakarudi kwenye mashine.

Siku hiyohiyo, jioni, taarifa ya habari ilionyesha Uhuru Park, Nairobi, ambako upinzani ulikuwa umejaza watu kwa mkutano wa Saba Saba. Baba alisikiliza akiwa amefumba macho. "Yule fundi wako wa sanduku," akaniuliza, "bado yuko?" Sikujua. Kibanda chake nilikikuta kimeshikwa na kijana mwingine nilipopita mara ya mwisho. Baba alifariki miaka miwili baadaye.

Mwezi Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Tarehe iliteuliwa kwa sababu ya TANU na ya Nyerere aliyekifanya Kiswahili kuwa silaha ya kudai uhuru. Nilifurahi kwa moyo wote, na bado nafurahi. Lakini nilipoombwa kuzungumza na walimu wenzangu siku ile, niliwaambia kwamba waliobeba jina la lugha yetu tarehe hiyo ni pamoja na waliokwenda Kamukunji bila kipaza sauti. Mmoja akaniuliza, mwalimu, hiyo si siasa ya Kenya? Nikamwambia Kiswahili ni chao pia, na walichokitamka siku hiyo walikitamka kwa Kiswahili. Alikubali nusu. Nadhani hata Kampala pana sehemu yake, maana wazee walioishi huko mwaka 1979 hulikumbuka neno sabasaba kama mzinga wa majeshi yetu uliokuwa ukiunguruma usiku kabla Idi Amin hajakimbia.

Binti yangu, yule aliyelala sandukuni, anaishi Nairobi, mtaa wa Umoja, na sanduku la buluu liko kwake. Kwa miaka mingi, kila tarehe 7 Julai asubuhi nilimtumia ujumbe wa heri, mwanzoni wa Saba Saba, kisha wa Siku ya Kiswahili, naye alinijibu kwa upole. Mwaka 2025 tarehe hiyo ilikuwa Jumatatu tena. Mwaka mmoja uliotangulia vijana wa Kenya walikuwa wameandamana wakauawa, na sasa walikuwa wamejiandaa kutoka siku ya Saba Saba. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilisoma kwamba barabara za kuingia mjini zinafungwa kwa seng'enge. Hadi siku ile iishe, kwa hesabu ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya, walikuwa wameuawa watu wasiopungua 31.

Asubuhi hiyo sikujua idadi, na bado palikuwa na giza. Kwangu, barabarani, mabasi ya kwenda uwanjani yalikuwa yameanza kupiga honi. Nilikaa kitandani na simu. Nilianza kuandika heri, nikaifuta. Nikapiga.

"Mmeamkaje huko, mwanangu?"

"Tumeamka, mama." Nyuma yake palikuwa kimya, kimya ambacho Nairobi haina. "Geti la ploti limefungwa. Watoto nimewaweka chumba cha nyuma. Na nyie je, mnakwenda uwanjani?"